Jogoo Aliyekaa Chini

Sura ya Nne

Afande alikuwa hajawahi kushika gemu maishani mwake. Alishashika wezi wa nyaya, alishashika matapeli wa viwanja, na mara moja alimshika mganga wa uongo akiwa amejikunja ndani ya pipa la maji. Lakini gemu, hapana. Ndiyo maana asubuhi ile alisimama mbele ya kibanda cha Kopi akijikuna goti, kama mtu anayetafuta sababu ya kurudi nyumbani.

Upolisi alishastaafu, ila jina lilikataa kustaafu naye. Mtaa mzima ulimwita Afande, na wajukuu wake pia walimwita Bibi Afande. Sasa alikuwa akifanya upelelezi wa kukodiwa, na aliyemkodi safari hii ni Meneja wa kampuni inayosambaza gemu madukani.

"Kuna dada na mdogo wake," Meneja alimwambia. "Miaka mitatu wamejifungia kwenye nyumba ya mama yao wanatengeneza gemu moja. Nzuri sana. Ijumaa tunatia sahihi mkataba. Sasa nasikia gemu yenyewe inauzwa vibandani, na mimi sijaitoa! Nitafutie nani kaitoa. Kama ni mmoja wao kaiuza kwa mlango wa nyuma, mkataba nauchana. Sifanyi biashara na mtu anayeuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili."

"Na kama siyo wao?"

"Basi nionyeshe ni nani. Ushahidi, Afande. Siyo hisia."

Jana yake Afande alikuwa ameshaenda kwenye nyumba hiyo. Dada mtu, ambaye watu humwita Injinia, ndiye anayeandika maagizo ya gemu kwenye kompyuta. Mdogo wake anachora, na kwa kuwa miaka yote mitatu amechora mnyama mmoja tu mwenye manyoya, jina lake likawa Manyoya. Aliwakuta hawasemeshani. Kila mmoja alikuwa chumbani kwake, na mama yao alikuwa katikati kama posta.

"Mama, mwambie mwanao chaja yake iko huku!"

"Mama, mwambie binti yako aitupe!"

"Kompyuta haitoki ndani, Afande," Injinia alimwambia. "Haina hata intaneti. Wenye gemu ni mimi na yeye, basi." Akanyoosha kidole ukutani. Upande wa pili wa ukuta, Manyoya alikuwa akifunga begi.

"Hiyo inayouzwa umeiona?"

"Niende nikanunue nguo yangu iliyoibwa kwenye kamba? Siwezi. Moyo utapasuka."

"Haya. Gemu yenyewe inahusu nini?"

Hapo Injinia akabadilika, macho yakawaka. "Wageni wako njiani na jogoo katoroka. Inabidi umkamate kabla hawajapiga hodi. Sasa, jogoo wetu hachoki, na anakusoma. Ukimziba kwa njia moja, safari nyingine anajua. Marafiki tuliowaita kujaribu walitoka hapa wamenuniana na wake zao."

Ndivyo Afande alivyofika kwa Kopi.

Kibanda kilikuwa chembamba kama kabati. Tivii kubwa ukutani, benchi moja, kompyuta ya zamani iliyojaa vumbi na waya, na Kopi katikati, kijana mwenye kidevu kirefu ambaye hajawahi kununua kitu halali tangu azaliwe. Ukuta wa pembeni ulikuwa wa kinyozi, na dirisha lilikuwa moja, la wote wawili. Ukinyolewa unatazama gemu, ukicheza gemu unaangukiwa na nywele.

"Nataka ile ya jogoo," Afande akasema.

"Aaa, Jogoo Mgonjwa!" Kopi akacheka. "Ile ya watoto. Nikuwekee kwenye simu, au unacheza hapahapa?"

"Kwa nini mgonjwa?"

"Cheza utaona, mama yangu."

Akampa pedi ya kuchezea. Afande akaishika juu chini. Kinyozi akachungulia dirishani, mashine ya kunyolea ikilia mkononi. "Afande, hiyo siyo pingu! Igeuze."

Akaigeuza. Kwenye tivii jogoo mwekundu akatokea, akampigia mabawa kwa dharau, akakimbia. Afande akamfuata. Aligonga mlango, akagonga ndoo, akazunguka nguzo hiyohiyo mpaka kinyozi akaanza kumhurumia. Mtu ambaye simu yake mwenyewe hufunguliwa na wajukuu angemkamata nani? Lakini mara jogoo akapunguza mwendo. Akahema. Akajikokota mpaka chini ya meza, akakunja mguu, akakaa, akamtazama Afande kama mzee anayesubiri chai.

Afande akabonyeza, akamnyakua.

"Nimemkamata!" Akaruka kwenye benchi, goti limesahaulika. "Mmeona? Mmeniona?"

"Kila mtu anamkamata," Kopi akasema kwa huruma. "Hata shangazi yangu asiyeona vizuri kamkamata. Ndiyo maana watu wanaicheza mara moja wanaiacha. Waliotengeneza hii bora wangeuza mayai. Na huko kwenye maduka wakija kuitoa, nani atanunua? Mtaa mzima umeshamla huyo jogoo mpaka mifupa."

Furaha ya Afande ikakatika palepale. Aliweka pedi chini taratibu. Kama jogoo wa Injinia hachoki, na yeye kamkamata kwa mkono wa mtu asiyejua kulia wala kushoto, basi huyu siye jogoo wa Injinia. Ni gemu ileile, nyumba zilezile, manyoya yaleyale. Ila jogoo mwingine.

"Uliipata wapi?"

"Afande, wateja wanaleta, wateja wanachukua. Mimi ni mto tu. Mto hauulizwi maji yametoka wapi."

"Mto hauuzi maji."

Kopi akakuna kidevu chake kirefu, akarudi kwenye waya zake.

Nje, kinyozi alimfuata akijifanya anakung'uta shuka lake. "Afande, mimi sisemi kitu. Lakini yule kijana mwenye rangi vidoleni alikuja hapa. Wakanong'onezana na Kopi. Akatoka amevimba kama ngoma ya chapuo. Sasa mimi nasema nini? Sisemi kitu."

Kijana mwenye rangi vidoleni alikuwa mmoja tu.

Afande alimkuta Manyoya chumbani kwake, begi limeshafungwa, kalikalia.

"Ulikwenda kwa Kopi kufanya nini?"

Kijana akainamisha kichwa. "Kumwomba aache kuuza. Akanicheka. Akaniambia nimshukuru, anatutangaza bure."

"Kinyozi anasema ulinong'ona. Mwenye haki hanong'oni."

"Afande, wewe ungepiga kelele barabarani kwamba ndiye uliyetengeneza kitu kinachochekwa na kila mtu?"

Hilo Afande akalikubali. "Na jogoo ulimwona alivyo?"

"Sikutazama tivii. Nilitazama viatu vyangu."

"Basi mimi nimemtazama. Nimemkamata."

Manyoya akainua uso. Akaangalia miwani ya Afande, akaangalia vidole vyake vinene. "Wewe? Samahani, mama yangu, siyo dharau. Lakini haiwezekani."

"Alikaa chini."

"Alikaa vipi?"

"Chini ya meza. Kakunja mguu mmoja, ananitazama."

Kijana akanyamaza. Ule unyamavu Afande aliujua. Ni wa mtu aliyekuwa anatafuta funguo nyumba nzima, kisha akakumbuka amezisahau mahali asipotaka pajulikane.

"Ni mimi," Manyoya akasema. "Andika. Nimeuza mimi. Dada hana habari. Nitoeni mimi kwenye mkataba, yeye abaki."

Afande hakuandika kitu. Alivuka ukumbi, akabisha kwa Injinia, akamwambia maneno yaleyale: jogoo kakaa chini, kakunja mguu. Injinia akafunga kompyuta yake polepole kama anayemfunika mgonjwa.

"Andika ni mimi," akasema. "Mdogo wangu hana kosa. Abaki yeye."

Afande akakaa kwenye ncha ya kitanda akacheka peke yake mpaka miwani ikateleza. Kazini alishaona makosa mengi yaliyokosa mwenyewe. Kosa linalogombewa, hili lilikuwa la kwanza.

Akawaita wote sebuleni, akawakalisha kochi moja. Wakakaa kila mmoja kwenye pembe yake.

"Haya wezi wangu. Manyoya, ulimfikishiaje Kopi?"

"Kwa simu. Nilimtumia."

"Gemu yote hiyo, simu yako ya batani?"

Manyoya akaitazama simu yake kana kwamba imemsaliti.

"Injinia, wewe?"

"Nilimpa diski mkononi."

"Kompyuta ya Kopi haina mahali pa kuingiza diski. Nimekaa mbele yake asubuhi nzima, ina vumbi tu. Mnadanganya vibaya, wanangu, hamna hata kipaji. Hebu niambieni kitu kimoja: kwa nini jogoo anakaa?"

Wale ndugu ambao wiki nzima hawakusemeshana wakatazamana, kisha wote wawili, kwa mpigo mmoja, wakalitazama pazia la jikoni. Afande naye akalitazama.

Pazia likafunguka. Mama yao akaingia na sinia la chai, uso umejaa tabasamu.

"Nimesikia jogoo anayekaa?" akasema. "Mwenzangu umeshamwona? Huyo ni wangu!"

"Mama, chai inapoa," Injinia akasema haraka.

"Chai gani inapoa na ndiyo kwanza naileta? Niache niongee na mwenzangu." Akakaa karibu na Afande, akamgusa goti. "Mwenzangu, mimi hawa nawauliza kutwa, mnafanya nini humo ndani? Siku moja wakanipa nicheze. Nilimkimbiza kuku yule mpaka nikalia. Nikawaambia, nyie hamna huruma na mzazi? Mimi vidole hivi ni vya cherehani, si vya kufukuzia kuku! Basi wakanitengenezea wangu. Akikimbia kidogo anachoka, anakaa, ananisubiri. Wamenitilia kwenye flashi, wameifunga na utepe kabisa."

"Flashi hiyo iko wapi, mwenzangu?"

"Kwa yule kijana mwenye tivii kubwa."

Manyoya akajifunika uso na mto.

"Nilimpelekea awaonyeshe majirani," mama akaendelea, akimwaga chai kwa madaha. "Maana hapa mtaani wanasema wanangu hawana kazi, wamekaa ndani kama viazi kwenye gunia. Nikasema ngoja waone. Na wameona! Juzi dereva wa pikipiki kapita hapa nasikia jogoo anawika kwenye simu yake. Nikasema, wanangu wamefika mbali."

Nyuma ya mgongo wa mama, watoto wote wawili walikuwa wakimtikisia Afande vichwa. Usimwambie. Usimwambie. Injinia alikuwa ameunganisha viganja kama anayeomba dua. Afande akaelewa sasa ule wizi wa kugombea. Kila mmoja wao alikuwa tayari kupoteza miaka mitatu, ili mama yao asijue ni mkono wake ndio ulioitupa.

Lakini Meneja alitaka ushahidi, na ushahidi ulikuwa umeshika buli.

"Mwenzangu," Afande akasema, "weka hilo buli chini kwanza."

Akamweleza. Hakuzunguka, hakupaka asali. Flashi, kibanda, kopi juu ya kopi, mkataba. Mama alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, mama aliwageukia watoto.

"Kwa hiyo huyo mwizi mliyenuniana kwa ajili yake, ambaye mimi nimewapelekea salamu za matusi wiki nzima kutoka chumba hiki kwenda kile, ni mimi?"

"Mama, siyo wizi," Injinia akasema.

"Na watu wanasemaje juu ya jogoo?"

Afande akaona ni bora limtoke yeye. "Wanamwita Jogoo Mgonjwa. Wanasema waliomtengeneza hawajui kazi."

Yote mengine mama alikuwa ameyapokea amekaa. Hilo likamnyanyua.

"Hawajui kazi? Wanangu? Kwa jogoo aliyetengenezewa mimi, kwa huruma ya vidole vyangu?" Akavaa ndala, moja yake, moja ya Manyoya. "Twende."

"Mama, wapi?"

"Nimesema twende!"

Wakaenda. Mama mbele na ndala zake zisizofanana, watoto nyuma yake, Afande wa mwisho, goti linalia. Njiani Afande alimpigia Meneja. "Usikate simu," akamwambia. "Wewe sikiliza tu." Akaitia simu kwenye mfuko wa kifuani.

Kopi alipomwona mama akatabasamu. "Karibu, mama mwenye jogoo!"

"Usinikaribishe. Nilikuletea nini mimi?"

"Flashi, mama. Uliileta mwenyewe, tena ukacheka."

"Nilikuambia ufanye nini?"

"Niwaonyeshe watu."

"Nilikuambia uuze?"

Kopi akatafuta msaada kwenye dari. "Mama, sasa kitu kikishaletwa kibandani..."

"Nijibu! Nikikuachia mwanangu umshike nikanunue chumvi, nikirudi nitakuta umeshamwoza?"

Kinyozi alicheka mpaka mashine ikateleza, ikamchimbia mteja barabara katikati ya kichwa. Mteja hakujua bado. Afande akasogea kwa Kopi, kifua mbele, ili simu isikie vizuri.

"Kopi, sema kwa sauti. Aliyekuletea ni nani?"

"Mama huyu."

"Alikuuzia? Watoto wake walikuuzia?"

"Hapana, Afande. Hakuna aliyeniuzia. Yule kijana alikuja kuniomba niache, nikamcheka." Akameza mate. "Nilikosea. Basi naifuta. Tazameni wote, naifuta sasa hivi."

Akabonyeza, akafuta, akanyoosha mikono juu kuonyesha kwamba amebaki msafi. Na hapohapo, kutoka mfukoni mwa mteja wa kinyozi, chini ya shuka, jogoo akawika.

"Samahani," mteja akasema, akitoa simu. "Ni mke wangu anapiga. Nimemwekea mlio wa yule mgonjwa."

Mama akatazama simu ile. Akatazama barabara, na watu wote wanaopita na simu zao mifukoni. Afande aliona mabega yake yakishuka.

Kifuani mwa Afande sauti ya Meneja ikaita: "Afande! Afande, nimesikia!" Akaitoa simu, akaiweka kwenye spika.

"Nimesikia yote," Meneja akasema. "Watoto hawana kosa. Sahihi nitaweka."

Manyoya akaruka, akamkumbatia dada yake, kisha akakumbuka wamenuniana, kisha akaamua basi.

"Lakini ngojeni. Jogoo siwezi. Nimesikia mlio huo. Mji mzima unamcheka, hakuna duka litakalompanga mbele. Jina mbadilishe, mnyama mbadilishe, muanze na mwingine. Kanga, mbuzi, mtajua wenyewe. Huyo jogoo mfuteni."

Ile furaha ya Manyoya ikaganda mikononi. Miaka mitatu ya unyoya mmoja mmoja. Hakulia, lakini aliviangalia vidole vyake vyenye rangi kama vitu vya mtu mwingine.

"Sawa, Meneja," Injinia akajibu kwa niaba yao. "Tutaanza upya."

Walirudi nyumbani. Injinia alikaa mbele ya kompyuta, mdogo wake akavuta stuli akakaa ubavuni kwake, na Afande akabaki mlangoni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia aende. Injinia akaweka kidole juu ya kitufe.

"Ngoja," mama akasema. "Kabla hamjamfuta, nipeni nimcheze. Yule wenu. Siyo wangu."

"Mama, utalia tena."

"Leo nimeshalia njia nzima, nyie mlikuwa nyuma hamkuona. Nipe hiyo pedi."

Wakampa. Jogoo wa kweli akatoka mlangoni, akamtazama, akaondoka kama mshale. Mama akamfuata. Jogoo akapanda ukuta, akapita chini ya kamba ya nguo, akapotelea nyuma ya ndoo, mama akainama kuchungulia ndoo, jogoo akatokea mgongoni kwake akamdonoa kisigino. Wageni wakapiga hodi. Ameshindwa.

"Tena."

Safari hii alimziba mlango wa uani. Jogoo hakwenda uani.

"Kajuaje?"

"Anakusoma, mama," Injinia akasema. "Nilimfundisha mimi."

"Na haya manyoya, anavyogeuka yanapeperuka moja moja, mpaka lile dogo la shingoni?"

"Mimi," Manyoya akasema.

Hodi ikapigwa tena. Mama akaiweka pedi mapajani. Akawa anamtazama jogoo aliyesimama katikati ya uwanja, hajachoka, kifua mbele, anamsubiri.

"Miaka mitatu nawaambia watu wanangu wanajua kazi," akasema. "Kumbe nilikuwa nasema tu, leo ndiyo nimeona."

Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaishika pedi, akajisogeza kwenye ncha ya kitanda. Afande akauvuta mlango nyuma yake taratibu. Alikuwa hajashuka hata ngazi aliposikia wageni wanapiga hodi mle ndani, na mama anawafokea kwa sauti ya nyumba nzima:

"Ngojeni nje hukohuko! Sijamaliza!"